Gustave Courbet: Mchoraji Aliyewatukuza Wapasua Mawe

Barabara nzuri husifiwa na kila apitaye juu yake. Husifiwa mhandisi aliyeipima, na husifiwa serikali iliyotoa fedha. Lakini ni mara chache mno kumsikia msafiri akiuliza ni nani waliokaa kando ya njia, juani, wakapasua kokoto zilizotandazwa chini ya magurudumu yake. Watu hao hawana sanamu mjini, wala majina yao hayakuandikwa kitabuni. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha ya mtu mmoja, mchora picha wa Ufaransa, ambaye zaidi ya miaka mia na sabini iliyopita aliwatazama watu wa namna hiyo, akawachora kwa kipimo ambacho mpaka siku hizo kilihesabiwa kuwa haki ya wafalme, mitume na majemadari.

Kwa ajili ya picha kama hizo alichekwa na kuchukiwa. Na kwa ajili ya msimamo wake katika siasa akafa ugenini, akidaiwa deni asiloweza kulilipa. Jina lake ni Gustave Courbet. Twaona yafaa kila mfanyakazi azijue habari zake, kwa kuwa swali alilouliza si la wachoraji peke yao. Alitaka kujua ni nani aliyeziweka kanuni ambazo watu wote walikuwa wakizifuata, na ni nani aliyekuwa akifaidika nazo.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Courbet alizaliwa tarehe 10 Juni, 1819, katika mji mdogo wa Ornans, upande wa mashariki ya Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Mji huo uko kando ya mto Loue, nao umezungukwa na majabali marefu ya mawe meupe ambayo huonekana katika picha zake nyingi. Baba yake, Régis Courbet, alikuwa mkulima mwenye mashamba na mizabibu, mtu wa uwezo wa kutosha. Kwa hiyo tusimpake mafuta kwa kusema kwamba alizaliwa katika ufukara, hakuzaliwa hivyo. Lakini babu yake mzaa mama alikuwa mtu aliyeyashikilia mawazo ya Mapinduzi Makubwa ya Ufaransa, na kijana alikua akiyasikia mambo ya jamhuri nyumbani kwao kama watoto wengine wasikiavyo hadithi.

Mwaka 1837 alipelekwa shule katika mji wa Besançon, na mwaka 1839 akaenda Paris. Baba yake alitumaini kwamba mwanawe angesoma sheria. Mzee alitaka mwanasheria, akapata mchoraji.

Mjini Paris Courbet hakukaa muda mrefu chini ya mwalimu yeyote. Shule yake hasa ilikuwa jumba la makumbusho la Louvre, ambamo alishinda siku nyingi akiziiga kwa mkono wake picha za mafundi wa kale wa Hispania, Italia na Uholanzi, ili aijue siri ya nuru yao na ya giza lao. Baadaye alisafiri hadi Uholanzi kuziona kazi za Rembrandt na wenzake. Twaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Wako watu wanaozidharau kanuni kwa sababu zimewashinda. Courbet hakuwa mmoja wao. Alizijua kwanza, akaziweza, ndipo akazipima moja moja na kuuliza ipi ni ya lazima na ipi ni kitanzi.

KANUNI ZA KALE ZILIVYOKUWA

Hatuwezi kulifahamu kosa aliloshitakiwa nalo pasipo kueleza kwanza kanuni zenyewe. Katika mwaka wa 1648, zama za utawala wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne, ilianzishwa mjini Paris Akademia ya Kifalme ya uchoraji na uchongaji. Mwaka 1667 mwandishi mmoja wa habari za Akademia hiyo, André Félibien, alizipanga picha kwa daraja. Daraja ya chini kabisa ilikuwa picha za vitu visivyo na uhai, kama matunda na maua. Juu yake zikawekwa picha za nchi, yaani milima, miti na mito. Kisha za wanyama. Kisha za sura za watu. Daraja ya juu kupita zote ilikuwa picha za historia, za dini, na za hekaya za miungu ya Wayunani na Warumi.

Daraja hiyo ndiyo iliyoamua hata ukubwa wa kitambaa cha kuchorea. Mwenye kuchora ushindi wa mfalme au mateso ya mtakatifu alikuwa na ruhusa ya kutumia kitambaa kinachofunika ukuta mzima. Mwenye kumchora mkulima alitakiwa atumie kitambaa kidogo cha kutundikwa sebuleni, na mkulima huyo awe anacheza, au amelewa, au ni mchungaji mzuri asiye na tone la jasho. Mnyonge aliruhusiwa kuwamo katika picha kama kitu cha kuchekesha au cha kupendeza macho, wala hakuruhusiwa kuonekana kuwa mtu mzito.

Zilikuwapo kanuni nyingine pia. Mwili wa binadamu ulipaswa kusahihishwa ufanane na sanamu za Wayunani wa kale. Rangi ilipaswa kulainishwa mpaka alama ya brashi isionekane, kana kwamba picha haikutengenezwa kwa mkono wa mtu.

Kanuni hizi hazikuwa maneno matupu. Zilikuwa mlango, na mlango ule ulikuwa na bawabu. Mjini Paris kulikuwa na maonyesho makubwa ya serikali yaitwayo Salon, na baraza la waamuzi ndilo lililochagua picha za kuingizwa. Mchoraji aliyekataliwa na baraza hilo ilikuwa taabu kwake kupata mnunuzi, na asiye na wanunuzi hana chakula. Courbet alianza kukubaliwa mwaka 1844, kwa picha aliyojichora mwenyewe akiwa na mbwa mweusi. Lakini katika miaka ile nyingi ya kazi alizozipeleka zilirudishwa.

Kisha ukaja mwaka 1848. Wananchi wa Paris waliinuka, Mfalme Louis-Philippe akakimbia, jamhuri ikatangazwa, na wanaume wote watu wazima wakapewa kura, mkulima na mwenye kiwanda sawasawa. Hata katika maonyesho ya mwaka ule baraza la waamuzi liliondolewa. Mwaka uliofuata, 1849, Courbet alionyesha picha ya jamaa na rafiki zake wakipumzika baada ya chakula huko Ornans, mmoja akipiga fidla na wengine wakisikiliza. Picha hiyo ilipewa nishani ya dhahabu na kununuliwa na serikali; na mtu mwenye nishani ile alikuwa na haki ya kuonyesha kazi zake bila kupita mbele ya waamuzi. Bawabu mwenyewe ndiye aliyempa ufunguo, pasipo kujua atautumiaje.

PICHA MBILI ZILIZOTIKISA PARIS

Mwishoni mwa mwaka ule wa 1849, Courbet alipokuwa akisafiri kwa gari la farasi karibu na kwao, aliwaona watu wawili wakipasua mawe kando ya barabara. Akasimama, akawatazama, akawaomba waje nyumbani kwake awachore. Kutokana na kazi hiyo ikatoka picha ya Wapasua Mawe, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu.

Ndani yake alikuwamo mzee aliyepiga goti moja, amevaa kofia ya majani, viatu vya mti na suruali yenye viraka, akinyanyua nyundo. Nyuma yake kijana aliyevaa shati lililochanika alikuwa akiinua kikapu kizito cha mawe. Kando yao kulikuwa na chungu cha chakula chao. Nyuso zao hazikuonekana vizuri: mzee amefunikwa na kofia, na kijana amegeuka. Hawakuwa wakicheka wala kulia, wala hawakumwomba mtazamaji sadaka. Walikuwa kazini. Courbet mwenyewe alieleza kwamba katika kazi ile mtu huanza kama yule kijana na kuishia kama yule mzee. Basi yaweza kusemwa kwamba picha ile ilikuwa ya mtu mmoja tu, na baina ya miili ile miwili lilikuwamo shimo la miaka hamsini ambalo hakuna nyundo iliyoweza kulijaza.

Picha ya pili, Mazishi ya Ornans, ilikuwa kubwa zaidi: urefu wake ni mita sita na nusu na zaidi, na kimo chake ni zaidi ya mita tatu. Ndani yake wamesimama watu zaidi ya arobaini wa mji ule, kila mmoja kwa kimo chake cha kweli: kasisi, meya, wasaidizi wa kanisa katika majoho mekundu, mchimba kaburi, wanawake wenye nguo za matanga, watoto, na hata mbwa. Watu wa Ornans wenyewe ndio waliosimama mbele yake ili wachorwe. Mbele kabisa liko kaburi wazi. Mtazamaji haambiwi ni nani anayezikwa. Hakuna malaika anayeshuka kumpokea, wala hakuna mtu aliyepewa nafasi ya kuwapita wenzake. Wote wamepangwa katika mstari mmoja, kama kifo kiwapangavyo watu.

Picha hizo zilipotundikwa katika Salon iliyofunguliwa mwishoni mwa Desemba, 1850, makelele yalikuwa makubwa. Ilisemwa kwamba Courbet anauabudu ubaya, na kwamba nyuso alizozichora ni za kutisha. Lakini kosa lililowachoma wakubwa halikuwa ubaya wa nyuso. Nyuso mbaya zilikuwa zimechorwa tangu zamani katika picha ndogo, na watu walizicheka wakaenda zao. Kosa lilikuwa kipimo. Tena katika orodha ya maonyesho Courbet aliiandikisha picha ya mazishi kuwa ni picha ya historia, yaani alilipeleka kaburi la mwananchi wa kawaida mpaka katika daraja iliyotengwa kwa wafalme na miungu. Na waliokuwa wakiitazama walikuwa mabwana wa mjini ambao miaka miwili tu iliyopita walimwona mkulima akipewa kura. Kwao ukuta ule ulikuwa kama umati wa watu wasioalikwa walioingia sebuleni na viatu vyao, wakasimama, wasiondoke.

ALIYEJENGA BANDA LAKE MWENYEWE

Mwaka 1851 Louis-Napoleon aliipindua jamhuri, na mwaka 1852 akajifanya Kaisari, Napoleon wa Tatu. Katika mwaka 1855 serikali yake ilifanya maonyesho makubwa ya mataifa mjini Paris. Waamuzi walizikubali kazi kadha za Courbet, lakini waliikataa picha ya Mazishi, na pia picha mpya kubwa sana inayomwonyesha mchoraji katika chumba chake cha kazi, amezungukwa na watu wa kila namna, maskini upande mmoja na rafiki zake upande wa pili.

Mtu mwingine angechukua alichopewa na kunyamaza. Courbet alijenga banda lake mwenyewe karibu na maonyesho ya serikali, akatundika humo picha zipatazo arobaini, akaweka mlangoni kibao cha jina la Uhalisi, akatoza kiingilio. Katika maelezo aliyoyachapisha alisema kwamba nia yake ni kuzionyesha desturi, mawazo na sura ya zama zake kama yeye azionavyo, na kufanya sanaa iliyo hai. Watu hawakuja wengi, na mapato yalikuwa haba. Hata hivyo Eugène Delacroix, mchoraji mkuu wa Ufaransa wakati huo, aliingia, akabaki peke yake humo karibu saa nzima, na alipotoka alikiri kwamba waamuzi wameikataa kazi moja iliyo kubwa kuliko nyingi za zama hizo.

Jambo hilo la banda laonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito. Mpaka hapo wasanii waliokataliwa walikuwa wakilalamika. Courbet aliwaonyesha kwamba yawezekana kufungua mlango mwingine. Mwaka 1874 Claude Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao nje ya Salon, walipita katika njia ambayo mtu wa Ornans alikwisha kuifyeka.

Katika kazi yenyewe pia alizivunja desturi nyingi. Alianza juu ya msingi wa rangi ya giza akaelekea kwenye nuru, na mara nyingi aliipaka rangi kwa kisu bapa, nzito kama fundi apakavyo lipu, hata majabali ya kwao yakaonekana kama mawe ya kweli. Wanafunzi walipomwomba mwaka 1861 awafundishe, aliwajibu kwamba sanaa haifundishwi, kila mtu hana budi kuitafuta kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo alikubali kuwa nao kwa miezi michache, akawaletea ng'ombe dume chumbani wamchore, badala ya sanamu za plasta.

KOMUNI YA PARIS NA MNARA WA VENDÔME

Mwezi wa Juni, 1870, serikali ya Kaisari ilitaka kumpa nishani ya heshima. Courbet aliikataa mbele ya watu wote, kwa hoja kwamba dola haina ujuzi wa kuhukumu sanaa. Miezi michache baadaye Kaisari alishindwa vitani na Waprusia, na tarehe 4 Septemba jamhuri ikatangazwa tena. Wasanii walimchagua Courbet awe mkuu wa halmashauri ya kuzilinda kazi za sanaa za Paris zisiharibiwe na vita.

Katikati ya Paris, katika uwanja wa Vendôme, ulisimama mnara uliojengwa kwa amri ya Napoleon wa Kwanza, umefunikwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa vitani, na juu yake sanamu ya Kaisari. Mwezi ule wa Septemba Courbet aliishauri serikali mnara huo wa kutukuza vita ufunguliwe vipande na kuondolewa mahali pale. Ushauri wake haukufuatwa.

Tarehe 18 Machi, 1871, wafanyakazi wa Paris waliushika mji wao, na Komuni ikazaliwa. Courbet aliingia kwa moyo wote. Aliongoza shirikisho la wasanii lililotaka wasanii wajitawale wenyewe, bila Akademia na bila waamuzi wa serikali. Tarehe 12 Aprili Komuni ilitoa amri mnara wa Vendôme uangushwe. Tarehe 16 Aprili Courbet alichaguliwa kuwa mjumbe wa Komuni. Msomaji azilinganishe tarehe hizo mbili. Tarehe 16 Mei mnara ulianguka.

Mwisho wa Mei majeshi ya Versailles yaliingia Paris, yakaua maelfu ya watu. Courbet alikamatwa tarehe 7 Juni, akapelekwa mbele ya baraza la kijeshi, na tarehe 2 Septemba akahukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Alipopata vifaa vya kuchorea kifungoni, alichora matunda na maua, yaani vile vitu vya daraja ya chini kabisa. Mwaka 1872 alipeleka picha ya matufaha katika Salon, nayo ikakataliwa. Safari hii hata matufaha yake yalionekana kuwa na hatia.

Mwaka 1873 serikali mpya iliamua kuujenga mnara upya kwa gharama yake Courbet. Watu wote walioipiga kura amri ile, na wote walioshika kamba siku ile, wakasahauliwa. Deni zima likawekwa juu ya bega la mchoraji mmoja. Mwezi wa Julai alivuka mpaka akaingia Uswisi, akakaa La Tour-de-Peilz kando ya ziwa la Geneva. Mali yake iliyobaki Ufaransa ilishikwa. Mwishowe deni lilihesabiwa kuwa zaidi ya faranga 323,000, naye akatakiwa kulipa faranga 10,000 kila mwaka kwa muda upitao miaka thelathini. Malipo ya kwanza yalikuwa yaanze Januari, 1878. Courbet alifariki tarehe 31 Desemba, 1877, akiwa na umri wa miaka 58, pasipo kulipa hata senti moja ya deni lile. Msamaha kwa watu wa Komuni ulitolewa mwaka 1880, naye amekwisha kuwa udongoni. Mifupa yake ilirudishwa Ornans mwaka 1919.

HUKUMU YETU

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mkubwa pia tumpe haki yake, pamoja na kasoro zake. Courbet alikuwa mtu wa majivuno, aliyependa kusemwa kuliko kusahauliwa. Alikunywa pombe kupita kiasi, na ulevi uliharakisha kifo chake. Aliyewachora wapasua mawe aliwachorea matajiri pia, na picha nyingine za miaka yake ya uhamishoni zilifanywa kwa haraka ili apate fedha. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Yeye mwenyewe hakupenda kuchora watakatifu.

Lakini katika jambo lililo kubwa hakukosea. Hakuvunja kila kanuni. Nuru na kivuli, mpango wa rangi, uzito wa mwili juu ya ardhi, vyote hivyo alivishika kwa uaminifu, kwa sababu ni kanuni za kazi, na fundi wa kweli haziachi. Kanuni aliyoikataa ni ile iliyosema kwamba mtu mmoja astahili ukuta mzima na mwingine astahili pembe ya kitambaa. Kanuni hiyo haikutoka katika rangi wala katika brashi. Ilitoka katika mashamba ya makabaila na katika majumba ya wafalme, ikavikwa joho la elimu ili watu waiheshimu. Kila kazi ina kanuni za namna mbili hizo, na ni wajibu wa mwenye kazi kuzitenganisha: zile zinazoifanya kazi iwe bora, na zile zinazomfanya mtu awe duni.

Picha ya Mazishi ya Ornans ilitolewa na dada yake, Juliette, kwa taifa la Ufaransa mwaka 1881, na leo yatazamwa katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris, ikiwa na ukuta wake kamili. Wapasua Mawe hawakupata bahati hiyo. Picha yao ilikuwa Ujerumani, katika mji wa Dresden, na iliteketea Februari, 1945, kwa mabomu ya vita. Limebaki umbo lake tu katika picha zilizopigwa kabla ya hapo. Hivyo wale watu wawili, waliokwisha kusahauliwa kando ya barabara, wakapotea mara ya pili.

Lakini kazi yao haikupotea. Mawe waliyoyapasua yalikanyagwa na magari ya mabwana waliowacheka, na mzee yule, aliyefichwa uso na kofia yake, aliusimamisha mji wa Paris mbele ya nyundo yake. Mara nyingine, msomaji, upitapo njiani ukawaona watu wameketi juu ya chungu ya kokoto, watazame vizuri. Kama huna ukuta wa kuwachora, wape salamu.